Maria Montessori: Mbinu iliyozaliwa kwa watoto wa mafukara na manusura wa tetemeko

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, jina Montessori huonekana kwenye mabango ya shule za chekechea, nyingi zikiwa na ada ambayo mzazi wa kipato cha chini hawezi kuimudu. Mwenye jina hilo alikuwa daktari wa Kiitalia, na watoto aliowaanzia kazi yake walikuwa wale ambao jamii ilikwisha kuwakatia tamaa.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji wa Chiaravalle. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Italia kufikia daraja hiyo. Kazi ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili, ambako watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa bila kitu cha kushika wala kuchezea. Alisadiki kwamba walichokikosa kilikuwa elimu zaidi kuliko dawa. Akawaandalia vifaa vya mbao na herufi za kupapasa kwa vidole, na baadhi yao wakajua kusoma na kuandika.

Alipokuwa akiwahudumia watoto wa wengine, wake mwenyewe alikuwa mbali. Mwanawe, Mario, alizaliwa mwaka 1898 nje ya ndoa, na kwa kuogopa fedheha ya zama zile alilelewa na familia nyingine shambani. Alikuja kuishi na mama yake alipokuwa kijana, na baadaye akawa msaidizi wake mkuu.

Nyumba ya Watoto

Januari 6, 1907, Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa vibarua mjini Roma. Wazazi walishinda kazini, na watoto waliobaki bila mlezi waliharibu kuta na ngazi za majengo yaliyokuwa yametoka kukarabatiwa. Wenye majengo walichotaka ni mahali pa kuwaweka tu. Yeye alileta vifaa vyake pamoja na vitu vya kuchezea vya kawaida. Alishangaa kuona watoto wakiviacha vile vya kuchezea na kurudia, tena na tena, kupachika vipande vya mbao katika matundu yake.

Hapo ndipo penye mjadala ambao haujaisha. Montessori hakupenda shughuli hiyo iitwe mchezo. Kwake ilikuwa kazi ya mtoto, nayo ilistahili heshima ya kazi. Wapo walimu wanaomlaumu kwa kuibana michezo ya kuigiza na kubuni. Hata hivyo, misingi yake, yaani mtoto kuchagua mwenyewe, kutumia mikono na kwenda kwa mwendo wake bila adhabu wala tuzo, inakaribiana sana na kile kinachoitwa leo kujifunza kwa njia ya michezo.

Mayatima wa Messina

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya Desemba 28, 1908, siku tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa Messina, kusini mwa Italia, na kuua makumi ya maelfu ya watu. Takriban watoto 60 waliookolewa walipelekwa Roma, katika nyumba ya watawa wa Kifransisko. Baadhi hawakujulikana hata majina. Walikuwa wamepigwa na bumbuwazi: hawakuzungumza, walikula kwa shida, na usiku walilia.

Watawa waliipanga nyumba kwa njia ya Montessori. Paliwekwa meza na viti vya kimo cha mtoto, vyombo vidogo, maua na mapazia ya rangi. Watoto walifundishwa kuandaa meza, kubeba sahani bila kuziangusha na kurudisha kila kitu mahali pake. Kwa mtoto aliyeona nyumba yao ikiporomoka usiku mmoja, kikombe kinachokutwa kesho pale kilipoachwa leo si jambo dogo. Taratibu usingizi na hamu ya chakula vilirejea, na baadaye kicheko.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoangamiza miji ya Ulaya, Montessori alipendekeza mwaka 1917 kuundwa kwa Msalaba Mweupe, shirika la kuwaandaa walimu watakaowatibu watoto waliojeruhiwa nafsi na vita, kama Msalaba Mwekundu ulivyowahudumia majeruhi. Shirika hilo halikupata kuundwa.

Mkimbizi mwenyewe

Utawala wa Mussolini ulimuunga mkono kwa miaka kadhaa, kisha wakahitilafiana na shule zake nchini Italia zikafungwa. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimkimbiza Hispania, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda India kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimhesabu kuwa raia wa nchi adui: Mario alitiwa kizuizini kwa muda, na mama akawekewa mipaka ya kutembea. Alirejea Ulaya mwaka 1946, akafariki dunia Mei 6, 1952, mjini Noordwijk, Uholanzi.

Kazi yake ilifika Kenya kwa njia ambayo pengine ingemfurahisha kuliko mabango ya mijini. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,000 na kuwang'oa wengine laki kadhaa katika makazi yao, mradi wa Corner of Hope ulianzisha madarasa ya Montessori katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya New Canaan, eneo la Nakuru. Wakaazi wa kambi wenyewe walifunzwa ualimu. Watoto wa kambini walipata kile walichopewa mayatima wa Messina karne moja kabla: meza ya kimo chao, kitu cha kushika mkononi, na mtu mzima asiye na haraka.