Alidina Visram na Urithi Wake

Alidina Visram alitoka Kutch, Bara Hindi, akafika Bagamoyo angali kijana. Aliwapa wafanyao misafara nguo na shanga, akapokea pembe za ndovu. Na reli ilipojengwa kutoka Mombasa, akafungua maduka kuifuata hata Uganda. Alipofariki mwaka 1916, uongozi wa biashara ulimfikia mwanawe, Abdulrasul, naye akajenga shule mjini Mombasa kuwa ukumbusho wa baba yake. Mwaka 1923 mwana naye akafariki, na baada yake biashara ile kubwa ikaporomoka. Maduka yametoweka, shule ingaliko, yafundisha watoto wa watu.

Ndugu msomaji, amrithishaye mwanawe mali na amwandalie pia wasaidizi waaminifu, tena asisahau sadaka yenye kuendelea, kwani hiyo haifi pamoja na mrithi.