Mohamed Amin: alipoteza mkono, hakuacha kamera
Siku za Ebola ya 2018 tuliona kamera nyingi za wageni huku Mabalako, na si wote walizipenda. Lakini kuna kamera yenye iliokoa watu.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Angali kijana, akafungua Camerapix kule Dar es Salaam. Mwaka 1966 walimfunga Zanzibar karibu mwezi mzima.

Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wanakufa njaa kila usiku, na serikali ilikuwa imetoka tu kufanya sikukuu ya miaka 10 ya mapinduzi. Picha zilipita kwenye televisheni tarehe 23. Ndipo dunia ikaanza kuleta chakula. Kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Mwaka 1991 depo ya risasi ililipuka Addis Ababa: mwenzake wa sauti akafa, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudilia kazi.

Tarehe 23 Novemba 1996, siku zile za vita ya AFDL huku kwetu, ndege yenye alipanda ilitekwa, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini kule Komoro. Wenye walipona walisema alikuwa amesimama, anabishana na watekaji.