Mtoto wa Mshona Nguo Aliyelifuatilia Joto

Juni hapa Iyunga si ya mchezo. Ukiamka alfajiri kwenda kupiga msuli, sakafu ya hosteli inakunyonya joto kupitia nyayo mpaka meno yanagongana. Kinachotokea pale kina kanuni yake, na kanuni ina mwenyewe: Joseph Fourier. Sisi wa uhandisi tunamjua kama mlinganyo wa kukariri usiku wa mtihani. Maisha yake hatufundishwi, na kwangu hayo ndiyo matamu.

Alizaliwa 1768 mjini Auxerre, Ufaransa, baba yake mshona nguo. Utotoni tu akabaki yatima. Watawa Wabenedikti wakamsomesha, na hisabati ikamkaa. Inasimuliwa kwamba aliomba kuingia jeshi la mizinga akanyimwa, kwa kuwa ukoo wake haukuwa wa wakubwa. Yakaja Mapinduzi, aliyaunga mkono, nayo yakamtia ndani mwaka 1794. Robespierre alipoanguka, akatoka na kichwa chake shingoni.

Mwaka 1798 akafuatana na Napoleon kwenda Misri. Ndiyo, Afrika yetu hii. Alikuwa katibu wa taasisi ya wanasayansi pale Cairo, na inasemekana alirudi kwao hawezi tena baridi: nyumba yake moto kama tanuri, koti havui. Mtu wa Mbeya atamwelewa.

Kuanzia 1802 alikuwa mtawala wa mkoa, makao yake Grenoble. Mambo ya mabwawa na barabara yalikuwa juu yake, na bado akapata muda wa kupasha vyuma moto na kupima. Mwishoni mwa 1807 akapeleka andiko Paris: joto hutiririka kutoka penye moto kwenda penye baridi kwa kadiri ya tofauti ya jotoridi, na mtawanyiko wowote wa joto unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi. Lagrange, nguli wa enzi ile, hakukubali hata kidogo. Mwaka 1812 wakampa tuzo huku wakilalamika kwamba hoja zake hazijakaza. Kitabu kikatoka 1822, miaka 15 baadaye! Alifariki 1830.

Huwa namweka jirani na Erasto Mpemba, aliyesoma Mkwawa, Iringa. Mpemba aliuliza mbona maji ya moto huweza kuganda kabla ya yale ya vuguvugu, wenzake wakamcheka. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam akaenda kujaribu, na 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo.

Kanuni ya Fourier nayo ina mpaka wake. Ndani ya chipu, tabaka likiwa jembamba mno, mitetemo ya atomu inayobeba joto hugonga kingo kabla ya kufika mbali. Joto linakwama, chipu inachemka. Ndipo watafiti wamegeukia mawimbi ya sumakuumeme yanayotambaa juu ya uso wa tabaka, yakiwa yamefungamana na mitetemo hiyo. Haya hupenda wembamba: unene ukipungua, yanasafiri mbali zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wimbi iko nje ya tabaka. Vipimo vya tabaka za silikoni naitraidi zenye unene chini ya nanomita 50 vimeonyesha upitishaji wa joto ukipanda jotoridi linapopanda, kinyume na tabaka nene. Na kuyahesabu mawimbi hayo, watafiti hurudi kwenye ile mbinu ya kujumlisha mawimbi ambayo Lagrange aliikataa.