IBN BATTUTA: MSAFIRI ALIYETUANDIKIA HABARI ZA KILWA

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Wanafunzi wapendwa, na wazazi mnaosoma pamoja nao, katika ukurasa huu wa maisha ya wanazuoni tumemchagua mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia darasani. Yeye ni Ibn Battuta. Wapo wanaomjua kama msafiri tu. Sisi tungependa mumjue pia kama shahidi, kwa sababu aliiona kwa macho yake sehemu ya nchi yetu ya leo, yapata miaka 700 iliyopita, na habari yake ikaandikwa.

Kuzaliwa na kuanza safari

Jina lake ni Muhammad bin Abdallah, na alizaliwa mjini Tangier, Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304. Ukoo wake ulikuwa wa makadhi, naye akasoma fiqhi kwa madhehebu ya Imamu Malik. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliondoka kwao peke yake kwenda Hija. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuagana kuliwaumiza wote.

Alihiji mwaka 1326, lakini hakurudi nyumbani. Elimu yake ya fiqhi ilikuwa ndiyo nauli yake. Popote palipokuwa na Waislamu alipata msikiti, wanazuoni wa kukaa nao na mara nyingi kazi ya kuhukumu. Huko Delhi, India, Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi, na katika visiwa vya Maldives pia alikuwa kadhi.

Kufika pwani yetu

Mwaka 1331 alipanda jahazi kutoka Aden akapita Zeila na Mogadishu, kisha Mombasa, ambako alilala usiku mmoja. Aliwasifu watu wa Mombasa kwa dini na uaminifu, akaeleza kuwa ni wafuasi wa Imamu Shafii. Alitaja misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima vilivyo milangoni mwake ili anayeingia anawe miguu. Hapa tunaona kwamba madhehebu tunayoyafuata wengi wetu yalikuwa yameshatia mizizi Afrika Mashariki zama hizo.

Kutoka Mombasa akafika Kilwa, katika mkoa wetu wa Lindi wa leo. Sultani wa Kilwa alikuwa al-Hasan bin Sulayman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mtu wa kutoa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kuwa sultani huyu alikaa na mafukara na kula nao, na kwamba aliitenga khumsi ya ngawira kwa ajili ya wanaostahiki. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua na kumpa. Mwana wa sultani alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani alipoona watu wamekisifu kitendo chake, akamwongezea yule fakiri watumwa kumi wengine na shehena mbili za pembe za ndovu.

Sultani huyo alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye hakuwa na mkono wa kutoa. Waombaji waliojia kwake waliambiwa kuwa mtoaji amekwishakufa na hakuacha kitu. Baadaye wageni wakaacha kuja.

Aliyoyaona na aliyoyasikia

Ndugu msomaji, sasa tusome kwa uangalifu. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu, na sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita tunaijua dhahabu na jasho lake. Lakini dhahabu ya Kilwa haikutoka kwetu. Ilitoka nyanda za Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji, na kupandishwa majahazini. Sarafu moja ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Ibn Battuta hakufika Sofala. Habari zake alizipata kwa mfanyabiashara, akaambiwa kuwa Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu inatoka nchi iitwayo Yufi. Wanahistoria wanaona hapo pana mchanganyiko, kwani Yufi aliitaja pia alipoeleza habari za Afrika Magharibi. Vilevile alisema mji wa Kilwa umejengwa kwa mbao, ilhali Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa wa mawe, na jumba kubwa la Husuni Kubwa, ambalo wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta ndani yake maandishi yenye jina la al-Hasan, ni la mawe ya matumbawe. Huenda nyumba za watu wa kawaida, zilizokuwa za miti na udongo, ndizo zilizobaki katika kumbukumbu yake.

Sababu haiko mbali. Karibu na pwani ya kusini ya India maharamia walimpora kila kitu, na anataja kuwa maandishi aliyoyakusanya Bukhara yalipotea kwa njia hiyo. Aliporudi Morocco mwaka 1349 baba yake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na mama yake alikuwa amechukuliwa na tauni muda mfupi kabla hajafika. Baada ya safari ya Mali, Sultani Abu Inan wa Fez alimwamuru asimulie aliyoyaona, na mwandishi Ibn Juzayy akayaandika. Masimulizi yalimalizika Disemba 1355. Basi Kilwa aliisimulia baada ya miaka 24.

Ibn Khaldun na mtoto wa gerezani

Watu wengi wa Fez hawakumwamini. Mwanahistoria mkubwa Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, anaeleza katika Muqaddima kwamba naye alikuwa na shaka. Waziri mmoja akamwonya kwa kisa. Waziri mwingine alifungwa pamoja na mwanawe mdogo, na mtoto akakulia gerezani. Alipouliza nyama wanayokula ni ya mnyama gani, baba akamweleza kondoo alivyo. Mtoto akadhani kondoo ni mfano wa panya, kwani mnyama pekee aliyemjua ni panya wa gerezani.

Ibn Khaldun akapata funzo kwamba tusikatae habari kwa sababu tu hatujawahi kuona jambo kama hilo, wala tusiipokee bila kuipima. Na sisi katika Sura ya 49, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na fasiki kabla ya kuitendea kazi. Wanazuoni wa hadithi waliuliza daima: nani kasema, na kamsikia nani?

Ibn Battuta alifariki Morocco yapata mwaka 1368 au 1369, akiwa kadhi. Allah amrehemu.

Mazingatio

Katika kitabu chake tunamjua sultani kwa jina, na nduguye pia. Lakini wale watumwa ishirini hatuwajui hata mmoja. Anasimulia kuwa sultani alikuwa akivamia nchi za jirani zisizo za Kiislamu na kuchukua ngawira. Tunayataja haya bila kuyafunika. Waliotekwa walikuwa na mama zao na vijiji vyao, na hawakupata wa kuwaandika. Waliochimba dhahabu iliyoipamba Kilwa nao hawakuandikwa.

Tujiulize, je, sisi tutaandikwa? Katika ukanda wetu wa machimbo, makazi huchipuka mwamba unapopatikana na huhama mwamba unapokwisha. Panabaki maduara yaliyofukiwa, makaburi na msingi wa msikiti ambao vijana hawajui nani aliujenga. Wazee wanaojua bado wapo, lakini kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu kazi moja wakati wa likizo. Chukua daftari, umwendee babu, bibi au mzee wa mtaa, umsalimu kwa adabu, umuulize nani alianzisha msikiti au madrasa ya kwenu, alitoka wapi, watu waliishi vipi, nani walifariki machimboni na wamezikwa wapi. Andika jina la aliyekusimulia na tarehe. Alichokiona mwenyewe kiandike upande mmoja, na alichosikia kwa wengine kiandike upande wa pili. Andika siku ileile, usingoje miaka 24.

Ibn Battuta alikaa Kilwa muda mfupi tu, akakosea baadhi ya mambo, na hata hivyo hadi leo tunamhitaji ili tuijue Kilwa ya zama zake. Mtoto aliyezaliwa mahali na kukulia hapo anaweza kuandika zaidi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi za kweli. Amin.