Marconi na Waya Mrefu

Guglielmo Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Tangu utoto alipenda sana mambo ya umeme.

Siku zile habari za mbali zilipita katika nyuzi za simu tu. Meli iliyokuwa katikati ya bahari ilikuwa kama mtu bubu: ikipatwa na hatari, haikuweza kuita msaada. Lakini mwaka 1888 Mjerumani mmoja, Heinrich Hertz, alikuwa ameonyesha ya kuwa umeme waweza kutoa mawimbi yasiyoonekana, yanayosafiri pasipo waya. Marconi akawaza kwamba mawimbi hayo yaweza kuchukua habari.

Mwaka 1895 alianza kujaribu nyumbani kwa baba yake, Pontecchio. Kwanza mawimbi hayakufika mbali. Basi akaweka sanduku la bati juu ya mlingoti, akaliunga kwa waya na chombo chake. Waya mwingine akauzika udongoni. Mlingoti wa meta 2 ulipeleka alama meta 30. Mlingoti wa meta 4 ulizipeleka meta 100, na ule wa meta 8, meta 400. Hivyo akafahamu ya kuwa waya ukipanda juu, habari zinafika mbali. Maana mawimbi yake yalikuwa marefu, na mawimbi marefu hayatoki vizuri katika waya mfupi ulio karibu na udongo. Nguvu yake nyingi inapotea bure.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza kutafuta msaada wa kazi yake. Mwaka 1899 alipeleka habari toka Ufaransa mpaka Uingereza, juu ya bahari. Ndipo akataka kuvuka bahari kubwa ya Atlantiki. Watu wengi walisema haiwezekani, kwa kuwa dunia ni mviringo.

Huko Poldhu, Uingereza, alisimamisha milingoti 20 yenye urefu wa meta 60 hivi. Mwezi wa Septemba 1901 dhoruba ikaiangusha yote. Marconi hakukata tamaa. Alisimamisha milingoti mingine miwili, kisha akapanda meli kwenda kisiwa cha Newfoundland, upande wa Amerika. Huko hakuwa na mlingoti mrefu, akaamua kuinua waya kwa upepo wenyewe. Alirusha puto kubwa, upepo ukalichukua. Akarusha tiara, yaani kitambaa kinachopaa kikishikwa kwa kamba, nayo ikapotea. Akarusha tiara nyingine, ikakaa juu na waya wa meta 150 hivi. Tarehe 12 Desemba 1901 alisikia sikioni alama tatu fupi, ndiyo herufi S, kutoka Poldhu, mbali kilometa 3,400 hivi.

Waliosikia walikuwa yeye na msaidizi wake tu, kwa hiyo wengine hawakusadiki. Marconi hakugombana nao. Mwaka 1902 alisafiri melini, na chombo chake kikaandika habari za Poldhu juu ya karatasi, mbele ya mashahidi.

Mwaka 1909 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na Ferdinand Braun. Mwaka 1912 meli Titanic ilipozama, simu yake isiyo na waya iliita meli nyingine, na watu zaidi ya 700 wakaokoka.

Baadaye Marconi alijifunza kutumia mawimbi mafupi, yasiyodai milingoti mirefu vile. Kwa mawimbi hayo aliijenga Radio ya Vatikano. Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pio XI alisema humo, na Wakristo wa nchi za mbali wakaisikia sauti yake.

Marconi alikufa Roma tarehe 20 Julai 1937. Vituo vya radio vya nchi nyingi vikanyamaza kwa dakika mbili, kwa kumheshimu.

Maswali
1. Mlingoti wa meta 8 ulipeleka alama umbali gani?
2. Kwa nini Marconi alirusha tiara?
3. Alifanya nini watu walipokataa kusadiki?