Kabla ya Elvis Kulikuwa na Dem wa Kanisa: Stori ya Sister Rosetta Tharpe

Ukiona msanii stejini akikamua gitaa la umeme mpaka mashabiki wanapagawa, usidhani hiyo kitu ilianza na Elvis Presley. Wala Chuck Berry. Kuna dem alikuwa ashawasha huo moto kitambo, tena akitokea kanisani.

Jina ni Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa Machi 20, 1915, Cotton Plant, kamji ka wakulima wa pamba huko Arkansas, Marekani. Mathake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri na mpiga mandolini. Na kanisa lao halikuwa la kuketi kimya: ni tari, makofi na watu kuruka mpaka jasho. Rosetta alishika gitaa akiwa bado mtoi, akawa anazunguka na mathake kwa mikutano ya injili. Baadaye wakahamia Chicago, mahali blues na jazz zilikuwa zinachemka kila kona. Masikio yake yakabeba zote.

Mwaka wa 1938 akatua New York, na hapo ndipo noma ilianza. Akaanza kuimba nyimbo za kanisa Cotton Club, klabu ya pombe na madansa. Mwaka huo huo akarekodi na Decca na kupanda jukwaa la Carnegie Hall. Wasee wa mtaani wakampenda, waumini wakakasirika. Unajua vile msanii wa injili hutupiwa mawe akionekana klabu? Yeye alizila mapema.

Lakini hakuacha. Mwaka wa 1944 alirekodi Strange Things Happening Every Day, na 1945 ikafika namba 2 kwa chati ya Billboard ya muziki wa watu weusi. Ndio, enzi hizo hata chati zilikuwa zimetengwa kwa rangi. Wapo wanaosema hiyo ndiyo rock and roll ya kwanza kabisa. Na bado, akiwa na hit, kuna miji hakuna hoteli ingempa chumba, so alikuwa analala kwa basi.

Sasa cheki waliopitia mikononi mwake. Mwaka wa 1947, huko Macon, Georgia, alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba kabla ya shoo, akampandisha stejini na kumlipa. Huyo kijana ndiye Little Richard. The Jordanaires, kundi la wazungu alilozunguka nalo, ndio baadaye walimwitikia Elvis. Johnny Cash naye alimsikiliza tangu utotoni.

Alijua pia kujiuza. Julai 1951 alifunga ndoa ndani ya uwanja wa Griffith, Washington. Watu zaidi ya 20,000 walilipa tiketi, na bibi harusi akapiga shoo na gauni lake jeupe.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka wa 1953 alirekodi blues na rafiki yake Marie Knight, na mashabiki wa kanisa wakamhepa. Miaka michache baadaye, vijana wa kizungu wakalipuka na sauti ileile na kukunja ganji yote. Ikabidi avuke maji. Mwaka wa 1964, Manchester, Uingereza, alishuka kwa gari la farasi kwenye stesheni ya treni iliyofungwa, mvua imenyesha, akavaa gitaa juu ya koti na kupiga mbele ya kamera za televisheni. Video bado iko. Itafute, utanishukuru.

Mwaka wa 1970 alipatwa na kiharusi, kisha kisukari kikamfanya akatwe mguu. Bado aliendelea kuimba. Alifariki Oktoba 9, 1973, Philadelphia, akazikwa kaburi lisilo na jina. Lilikaa hivyo zaidi ya miaka 30 mpaka mashabiki wakachanga pesa za jiwe.

Elvis aliingia Rock and Roll Hall of Fame mwaka wa 1986, kundi la kwanza kabisa. Rosetta aliingia lini? 2018. Miaka 32 baadaye, na alikuwa ametangulia.

So next time mbogi yako ikianza ubishi wa nani alileta rock, wewe waulize tu kama wanamjua Sister Rosetta. Halafu wachezee ile ya Manchester.