DeMar, mkimbiaji aliyeambiwa moyo wake una kasoro

Msomaji anayefuatilia mbio za Boston kwa sababu ya Wakenya huenda hajui kwamba zamani bingwa wake alikuwa mchapaji wa magazeti, Mmarekani Clarence DeMar, aliyezaliwa mwaka 1888.

Mwaka 1911, kabla ya mbio, daktari alisikia sauti isiyo ya kawaida katika moyo wake, akamshauri aachane na mbio. Siku hiyo DeMar alishinda. Hata hivyo, baada ya Olimpiki ya 1912 alionekana mashindanoni kwa nadra kwa miaka mingi. Aliporudi alishinda Boston mara sita zaidi, ya mwisho mwaka 1930 akiwa na miaka 41. Mara nyingi alikwenda kazini akikimbia.

Uzee haukumwacha. Kuanzia miaka ya 30, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua, kwa wengi takriban asilimia 10 kila miaka 10. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hushuka na misuli husinyaa. Mazoezi hayazuii hayo yote, ila anayeyaendeleza hupoteza kidogo kuliko anayekaa tu. Kasi ya DeMar ilipungua kadiri umri ulivyosonga, lakini mwaka 1954, akiwa na miaka 65, alimaliza tena mbio za Boston.

Alifariki mwaka 1958 kwa saratani. Daktari bingwa wa moyo Paul Dudley White na mwenzake waliandika matokeo ya uchunguzi wa mwili wake: mishipa inayolisha moyo ilikuwa na upana mara mbili hadi tatu ya kawaida. Mafuta yalikuwamo kwenye kuta zake, ila damu ilikuwa na nafasi ya kupita. Huenda alizaliwa hivyo; mtu mmoja si ushahidi.

Wazee wengi ninaowatibu wakihema kwenye ngazi husingizia umri. Wakati mwingine ni upungufu wa damu, presha au kukaa sana. Na mzazi, mtoto akikutwa na sauti moyoni, mpeleke apimwe kwa ultrasaundi kabla ya kumkataza mpira. Nyingi hazina madhara. Kifua kikibana au mtu akizirai akiwa mazoezini, asimame na aende hospitali siku hiyo hiyo.